Sidney Poitier: Mwigizaji Aliyejua Kusema La

Mpenzi msomaji, mnamo tarehe 6 Januari 2022 alifariki mjini Los Angeles, Marekani, mzee wa miaka 94 ambaye huenda wewe ulimfahamu kupitia kanda ya video ya kukodisha, au kupitia televisheni ya jirani, au kwa kusimuliwa tu na wazazi wako. Jina lake ni Sidney Poitier. Magazeti ya dunia nzima yaliandika kwamba alikuwa mwanamume wa kwanza mweusi kutwaa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Hayo ni kweli, nami nitayagusia. Lakini leo ningependa tukae pamoja kidogo tuzungumzie kazi moja ambayo Poitier hakuifanya. Aliikataa, na siku aliyoikataa hakuwa na pesa za kumlipia mkewe hospitali.

Nimelichagua jambo hilo kwa sababu najua ninamwandikia nani. Katika nyumba nyingi za mji huu, kila mwisho wa mwezi kuna mtu anayeweka heshima yake upande mmoja wa mizani, na kodi ya nyumba upande wa pili. Wengine hushinda, wengine hushindwa, na wengi wetu hunyamaza tu.

Poitier alizaliwa Miami tarehe 20 Februari 1927, kabla ya miezi yake kutimia. Wazazi wake, Reginald na Evelyn, hawakuwa wenyeji wa Marekani. Walikuwa wakulima wa nyanya kutoka Cat Island, kisiwa kidogo cha Bahamas, na walikuwa wamevuka bahari kuja kuuza mazao yao. Kitoto kilikuwa kidogo mno hata baba akaenda kutafuta kijisanduku cha kukizikia. Mama hakukubali. Alikwenda kwa mwaguzi, naye akamwambia kwamba mwanawe ataishi na atatembea na wafalme. Kwa hivyo la ya kwanza katika maisha ya Sidney Poitier ilitamkwa na mamake.

Kule Cat Island hakukuwa na umeme wala maji ya mfereji. Karibu kila mtu aliyemwona alikuwa mweusi kama yeye, na kwa hivyo alikua bila kujua kwamba kuna mahali ambapo rangi ya ngozi humfanya mtu kuwa nusu mtu. Soko la nyanya lilipofungwa huko Florida, familia ilihamia Nassau, ambako umaskini ulizidi kuwakaba. Alipofika umri wa miaka 15 alipelekwa Miami kuishi na kakake.

Alipata kazi ya kupeleka mizigo kwa wateja. Siku moja alibisha hodi kwenye mlango wa mbele wa mama mmoja wa Kizungu, akaamriwa azunguke nyuma. Kijana hakuelewa azunguke kwa nini ilhali mwenye mzigo alikuwa amesimama pale pale mbele yake. Aliuweka mzigo chini akaenda zake. Baada ya siku chache watu wa Ku Klux Klan walifika nyumbani kwa kakake wakimtafuta. Haukupita muda mrefu akaukimbia mji huo.

Alifika New York akiwa na umri wa miaka 16, akaanza kuosha vyombo mikahawani. Kuna wakati alilala chooni katika kituo cha mabasi. Alidanganya umri wake ili aandikishwe jeshini, akatoka mwaka wa 1944, akarudia masinki yale yale. Hapo ndipo alipoona gazetini tangazo la American Negro Theatre, kikundi cha michezo ya kuigiza mtaani Harlem, kilichokuwa kikitafuta waigizaji. Alienda. Alipopewa mswada asome, alisoma kwa kukwamakwama na kwa lafudhi nzito ya kisiwani. Msimamizi alimtoa nje akamwambia akatafute kazi ya kuosha vyombo. Lililomuuma Poitier ni kwamba mtu huyo hakujua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Je, ilikuwa imeandikwa usoni?

Enyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, sikilizeni alichofanya. Alinunua redio, akawa akiwasikiliza watangazaji na kurudia kila neno jinsi walivyolitamka. Katika mkahawa mmoja alimokuwa akiosha vyombo, mhudumu mzee, Myahudi, alimkuta na gazeti usiku baada ya wateja kuondoka. Tangu siku hiyo mzee huyo alikuwa akikaa naye usiku baada ya usiku, akimfundisha kusoma neno kwa neno. Kisha Poitier akarudi Harlem, akajitolea kufagia jumba la kikundi kile bila malipo mradi tu apewe masomo. Kufikia 1946 alikuwa ameingia jukwaani Broadway, na mnamo 1950 akatokea katika filamu yake kubwa ya kwanza, No Way Out, akiwa daktari.

Daktari! Ni lazima uelewe, msomaji, kwamba siku hizo Mwamerika mweusi katika sinema alikuwa mpishi, mpagazi wa garimoshi, au mtu wa kutoa macho na kukimbia mizimu ili watu wacheke. Kisha alienda Afrika Kusini kuigiza katika Cry, the Beloved Country pamoja na Canada Lee. Ili waruhusiwe kuingia nchi hiyo ya ubaguzi, wawili hao walilazimika kuandikishwa kama vibarua wa mwongozaji wao, Zoltan Korda. Kwenye filamu Poitier alikuwa kasisi. Kwenye karatasi za serikali alikuwa mali ya Mzungu.

Sasa tufike kwenye ile kazi aliyoikataa. Licha ya filamu hizo mbili, miaka ya mwanzo ya 1950 ilikuwa ya njaa. Alikuwa ameoa, ana mtoto, na mwingine alikuwa njiani. Wakala mmoja aitwaye Martin Baum alimwita na kumpa mswada wa filamu The Phenix City Story, iliyotoka baadaye mwaka wa 1955. Mshahara ulikuwa dola 750 kwa wiki. Sehemu yake ilikuwa ya mfagiaji aliyeshuhudia uhalifu. Katika mswada aliosoma Poitier, wahalifu wanamtisha mtu huyo anyamaze, kisha wanamuua bintiye mdogo na kuutupa mwili wake mbele ya nyumba. Naye, baba mtu, ananyamaza.

Poitier alirudisha mswada. Baum alimuuliza sababu. Je, mhusika ametukanwa? La. Je, ni kwa sababu ni mfagiaji? La. Hakutaka kueleza zaidi siku hiyo. Miaka mingi baadaye ndipo aliposimulia kwamba alimfikiria babake, yule mkulima wa nyanya, akaona kwamba Reginald Poitier asingelala hata usiku mmoja na jambo kama hilo kifuani bila kufanya lolote. Kuigiza baba wa namna hiyo kungekuwa kumtukana mzee wake.

Alipotoka pale alikwenda kwenye kampuni ya mikopo, akaweka fanicha za nyumbani kwake rehani kwa dola 75, ili mtoto azaliwe hospitalini. Tafadhali zitazame tena hizo hesabu. Alikataa dola 750 kwa wiki, akakopa 75. Miezi kadhaa ilipita, kisha Baum akamwita tena. Hakuwa na kazi ya kumpa. Alisema tu kwamba mtu mwenye wazimu wa kiasi kile alitaka awe wakala wake. Walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Haikuwa mara ya mwisho. Mnamo 1955 alitakiwa katika mchezo wa televisheni ulioitwa A Man Is Ten Feet Tall. Ilikuwa enzi ya kuwinda wakomunisti, na wanasheria wa kituo walimtaka kwanza atie sahihi karatasi ya kumkana mwimbaji Paul Robeson na yule rafiki yake, Canada Lee. Alikataa. Mwishowe mchezo uliendelea bila sahihi yake, ukarushwa hewani mwezi wa Oktoba. Baadaye uligeuzwa kuwa filamu, Edge of the City, iliyotoka 1957.

Sisi Wakenya tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Mwaka huo huo wa 1957 ilitoka filamu Something of Value, ambayo sehemu zake zilipigwa papa hapa Kenya wakati wa hali ya hatari. Poitier aliigiza Kimani, kijana Mkikuyu aliyekua pamoja na mtoto wa mlowezi, aliyeigizwa na Rock Hudson. Kimani anapigwa kofi na mlowezi mwingine, anatorokea msituni, anajiunga na Mau Mau. Filamu hiyo inawatazama wapiganaji wetu kwa macho ya walowezi, na msomaji yeyote aliyesimuliwa na nyanyake habari za kambi za kizuizini atakereka mara nyingi. Lakini mtazame Poitier baada ya kofi lile. Hasemi kitu. Uso wake peke yake unakueleza kwa nini mtu huacha kwao na kuingia msituni.

Miaka miwili baadaye, mnamo 1959, Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo na nauli za vijana wetu. Barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie ilitiwa sahihi na watu watatu mashuhuri: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte, na Sidney Poitier. Septemba ya mwaka huo wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi. Kwa hivyo huenda mwalimu aliyemfundisha mwalimu wako alipanda ndege kwa msaada wa sahihi ya mwigizaji huyu.

Mwaka huo huo wa 1959 alikuwa jukwaani Broadway katika A Raisin in the Sun, mchezo wa Lorraine Hansberry, uliofanywa filamu mwaka wa 1961. Ikiwa una familia, huu ndio ningekushauri uanze nao. Ukoo mmoja mweusi wa Chicago umebanana katika vyumba vichache. Babu amefariki na bima imelipa dola 10,000. Mama mzee ananunua nyumba katika mtaa wa Wazungu, na wenye mtaa wanamtuma mtu mwenye maneno matamu kuja kuwapa pesa ili wasihamie. Walter, mwana wa nyumba, amepoteza pesa zote zilizobaki, na anataka kuzikubali hizo za Wazungu. Lakini mtu yule anaporudi, mamake anamlazimisha Walter azungumze naye huku mtoto wake mdogo amesimama hapo akitazama. Walter anashindwa kujiuza mbele ya mwanawe. Nimetazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara namwona Poitier aliyeweka fanicha zake rehani.

Oscar ilikuja usiku wa tarehe 13 Aprili 1964, kwa ajili ya Lilies of the Field, iliyotoka 1963. Humo aliigiza Homer Smith, fundi mpita njia anayewajengea watawa kanisa dogo katika jangwa la Arizona. Mwaka huo huo wa tuzo, mwezi wa Agosti, yeye na Belafonte walibeba dola 70,000 hadi Greenwood, Mississippi, kuwapelekea vijana waliokuwa wakiwaandikisha watu weusi kupiga kura. Walifukuzwa barabarani usiku na magari ya wabaguzi.

Mimi nilimjua kupitia filamu zake za 1967, mwaka aliotamba kuliko mwingine wowote. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tukiishi mtaani Umoja, nami nilikuwa bado shule ya msingi. Mamangu alikuwa mwalimu, na kanda aliyoipenda ni To Sir, with Love. Ni kisa cha mwalimu mweusi anayepewa darasa la watukutu katika mtaa wa maskini wa London, kilichotokana na kitabu cha E. R. Braithwaite wa Guyana. Mwalimu huyo anatupa vitabu kwenye pipa la taka na kuwaambia wanafunzi kwamba tangu siku hiyo watahutubiana kama watu wazima, kwa heshima. Jumatatu iliyofuata mama aliingia darasa la nane akawaita wasichana "Bi" na wavulana "Bwana". Walicheka wiki nzima, alituambia, kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuchomekea mashati.

Baba yeye hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa karani, mtu wa maneno machache. Lakini jioni tulipotazama In the Heat of the Night alisogeza kiti. Poitier humo ni Virgil Tibbs, mpelelezi kutoka Philadelphia anayejikuta katika mji wa wabaguzi huko Mississippi. Tajiri mmoja wa pamba, mzee Endicott, anachukizwa na swali lake na kumzaba kofi. Papo hapo Tibbs anamrudishia. Poitier mwenyewe alisimulia kwamba alitaka ahakikishiwe kuwa kofi hilo la pili halitakatwa popote filamu itakapoonyeshwa. Baba alichukua kidhibiti, akairudisha kanda nyuma. Kofi. Akairudisha tena. Kofi. Mara ya tatu mama alimwambia, "Baba Wambui, utaharibu kanda ya watu." Hakujibu. Alitazama mara ya nne.

Filamu hiyo ilitwaa Oscar ya filamu bora ya 1967, na Rod Steiger aliyeigiza mkuu wa polisi akapata ya mwigizaji bora. Poitier hakuteuliwa hata kidogo. Mwaka huo huo alitokea pia katika Guess Who's Coming to Dinner, akiwa daktari anayetaka kumwoa binti wa Kizungu, jambo ambalo lilikuwa hatia katika majimbo kadhaa ya Marekani hadi Mahakama ya Juu ilipozifuta sheria hizo mwezi wa Juni 1967.

Hata hivyo, mcheza kwao hutunzwa, lakini si kila mara. Watu wake mwenyewe walianza kumgeuka. Mapema zaidi, katika The Defiant Ones ya 1958, aliigiza mfungwa aliyefungwa mnyororo mmoja na Mzungu. Mwishoni anaruka kutoka garimoshi linalompeleka kwenye uhuru ili asimwache mwenzake. Mwandishi James Baldwin alieleza kwamba watazamaji Wazungu walifurahi, ilhali wale wa Harlem walimpigia kelele arudi garini. Mnamo 1967 makala moja katika gazeti la New York Times iliuliza kwa nini Wazungu wanampenda hivyo. Walimwona mno msafi, mno mpole, mtu asiye na mke wala hasira wala mtaa. Pia walikumbuka kwamba si kila kitu alikikataa. Porgy and Bess ya 1959 aliifanya shingo upande.

Sitamtetea kwa kila shtaka. Mtu anayechaguliwa peke yake kuwakilisha mamilioni ya watu hana nafasi ya kuigiza mlevi, mwizi au mpumbavu, hata kama angependa. Huo nao ni mnyororo. Naye nadhani aliujua, maana kutoka 1972 aligeukia kuongoza filamu, akawapa waigizaji weusi nafasi ya kucheka na kuchekesha. Stir Crazy ya 1980, aliyoiongoza, ilivuna zaidi ya dola milioni 100.

Katika miaka hiyo alikuja Kenya kuigiza The Wilby Conspiracy, iliyotoka 1975. Hadithi ni ya Afrika Kusini lakini mandhari ni yetu. Poitier na Michael Caine wanawakimbia polisi wa ubaguzi, na kiongozi wa ukombozi anaigizwa na Joe de Graft wa Ghana, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kisha televisheni ikamwita tena. Mnamo 1991, katika Separate but Equal, aliigiza Thurgood Marshall, wakili yule yule aliyeletwa na Mboya mwaka wa 1960 kuwasaidia viongozi wetu kuandika haki za raia kwa ajili ya mazungumzo ya Lancaster House. Mnamo 1997 alikuwa Mandela, naye Caine akawa de Klerk. Wakimbizi wale wawili wa 1975 walikuwa wamefika mezani.

Tuzo zilimiminika. Mnamo 2002 alipewa Oscar ya heshima, usiku ule ule ambao Denzel Washington na Halle Berry walitwaa zao. Kuanzia 1997 hadi 2007 alikuwa balozi wa Bahamas nchini Japan. Mnamo 2009 alivishwa nishani ya uhuru na Rais Barack Obama, ambaye babake naye alikwenda kusoma Marekani mwaka ule wa 1959, ingawa hakuwamo katika ndege ile ya wanafunzi 81. Mwaguzi wa Evelyn hakusema uongo.

Nimeyaandika haya, msomaji, kwa sababu ya binamu yangu. Ni mwanafunzi wa uigizaji katika chuo kimoja hapa mjini. Hivi karibuni alipata nafasi katika tangazo la televisheni la kampuni fulani. Alitakiwa awe bawabu mjinga anayevuruga Kiswahili kwa lafudhi ya kwetu kijijini, kisha mtoto wa tajiri ampige kwa kiatu ili watu wacheke. Malipo yangetosha kodi ya miezi miwili. Alinijia usiku. "Dada, wewe unaandika mambo haya," alisema. "Nifanye nini?"

Babu yetu alikuwa bawabu katika Industrial Area kwa zaidi ya miaka 20.

Sikumwambia akatae. Nilimsimulia habari za fanicha na dola 75. Akaenda, akaomba tu kwamba kiatu kiondolewe. Wakakataa, naye akaondoka. Shangazi, mamake, anauza mitumba Gikomba na ndiye anayelipa karo. Alinipigia simu kesho yake alfajiri. "Heshima hailipi kodi, binti yangu," aliniambia. "Unajua baba alitukanwa na watoto wadogo pale langoni miaka yote hiyo? Hakusema la hata siku moja. Ndiyo maana mimi nilifika kidato cha nne na babako akawa karani. Sasa nyinyi mmesoma, mnamwonea aibu?"

Nilikosa jibu. Nilifikiria baba na ile kanda, mara nne.

Bado nalitafuta jibu hilo, lakini hatua moja nimepiga. Babu aliinama yeye mwenyewe, ili wanawe wasiiname. Poitier alikataa, na deni la kukataa kwake akalibeba yeye mwenyewe kabla ya wakala yeyote kumsifu. Sidhani wazee hao wawili wangegombana wakikutanishwa. Binamu yangu naye amekuwa akiamka saa kumi alfajiri kumbebea mamake marobota ya mitumba, na huenda shuleni akiwa na vumbi mabegani. Hajalalamika. Tangazo lile lilitoka likiwa na kijana mwingine. Shangazi alilitazama mara moja, akasema anasikia ugali ukiungua, akainuka kwenda jikoni.

Ikiwa Jumapili hii utapata A Raisin in the Sun, itazame na watoto wako mpaka pale mtu wa maneno matamu anaporudi na pesa zake. Isimamishe hapo. Waulize watoto wangefanya nini, na baadaye uwaulize kodi ingelipwa na nani. Usikubali wajibu swali la kwanza bila kujibu la pili.